Binti Amevunja Ungo: Somo Wake ni Nani?

Zamani, mtoto wa kike alipovunja ungo, mama yake hakumwambia neno. Alijua, lakini alinyamaza. Alijitanda buibui lake akatoka, akaenda nyumba ya tatu au ya nne kwa mwanamke mtu mzima aliyemwamini, akamwambia, "Mwanao amekuwa." Basi. Kuanzia hapo mambo yote yalikuwa mikononi mwa yule bibi, naye aliitwa somo. Yeye ndiye aliyemwita mwari chumbani akamfunza namna ya kufunga sodo, namna ya kukoga josho la hedhi, siku za kuacha sala na siku ya kuirudia, na namna ya kujiweka mbele za watu. Baadaye, siku ya harusi ilipokaribia, alimfunza na yale mengine ambayo mke huyajua ndani ya nyumba yake.

Naanza na habari hii kwa sababu siku hizi kuna usemi unaorudiwa mno, kwamba sisi watu wa Pwani hatuzungumzi na watoto wetu mambo ya mwili, na kwamba ndiyo mila yetu. Usemi huu ni nusu ya kweli. Ni kweli kwamba mama hakuzungumza na bintiye, wala baba na mwanawe. Lakini mtoto hakuachwa hivi hivi. Stara baina ya mzazi na mwana ilihifadhiwa, na mafunzo yalipatikana, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa tatu aliyepewa kazi hiyo. Leo ile stara tumebaki nayo. Yule mtu wa tatu ndiye aliyetoweka.

BINTI WA CHEREHANI

Miezi michache iliyopita nilikaa barazani na mama mmoja anayefundisha ushoni hapa mjini Mombasa. Wanafunzi wake ni wasichana waliomaliza skuli na wasioweza kuendelea. Hujifunza kukata, kushona na kudarizi, na jioni hufundishwa kidogo namna ya kuweka hesabu za biashara. Ni mradi mzuri, mmoja katika ile miradi mingi ya vijana tunayoisikia kila siku.

Mama huyu alinisimulia kisa cha binti mmoja wa miaka 16. Alikuwa hodari wa mkono, mwenye adabu na wa kuwahi darasani. Ghafla alianza kuchelewa, kisha akawa mzito, sindano inamponyoka. Wenzake wakasema ana mapenzi. Mwalimu akadhani ni uvivu akamkaripia. Siku moja mchana alianguka kando ya cherehani yake.

"Nilipomfungua macho nikayaona meupe kama karatasi," akaniambia. "Nikamuuliza, mwanangu una nini? Akalia. Hakutaka kusema mbele ya wenzake. Nilipomtoa nje ndipo akaniambia kwamba damu yake ya mwezi ilikuwa haijakatika kwa siku 20."

Siku 20! Na katika siku zote hizo hakuwa amesali, kwa sababu alijiona yumo hedhini. Hakuwa amemwambia mama yake kwa sababu ya haya. Hakwenda hospitali kwa sababu aliona ndiyo hali ya wanawake, na mwanamke hana budi kuvumilia.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili vizuri. Binti huyu alikuwa amesoma chuoni tangu utotoni na alikuwa amemaliza darasa la nane skulini. Lakini hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii hedhi haizidi siku 15. Damu inayopita hapo si hedhi tena bali ni istihadha, na mwenye istihadha hujisafisha, akatawadha, akasali. Wala hapakuwa na mtu aliyemwambia kwamba wakunga na madaktari hawangojei hata hizo siku 15. Kwao, damu ikizidi siku saba au nane, au ikitoka kwa wingi hata sodo ikawa haichukui saa mbili, huyo ni wa kupelekwa hospitali akapimwe damu. Angekuwa na ilimu moja tu kati ya hizo mbili ingalimwokoa. Ya dini ingemwambia, "Hii si hedhi, iulizie." Ya tiba ingemwambia, "Hii si salama, itibu." Alizikosa zote mbili, na akazikosa akiwa ndani ya mradi wa vijana unaofunguliwa siku tano kwa juma.

MAMBO YALIKUWA NA MPANGO

Watu wengine wakisikia maneno "ilimu ya afya ya uzazi kwa vijana" hudhani ni kitu kilicholetwa na meli kutoka ng'ambo. Jina ndilo jipya, lakini jambo lenyewe ni kongwe hapa kwetu.

Marehemu Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Ujerumani mwaka 1900 kufundisha Kiswahili mjini Berlin. Maandiko yake mengi yamo katika kitabu cha "Desturi za Wasuaheli" kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Humo utasoma habari za jando la wavulana, na habari za kungwi na mafunzo ya wasichana. Kinachoonekana wazi ni kwamba mambo hayakuachwa yaende yenyewe. Kila jambo lilikuwa na mahali pake, wakati wake, mtu wake na ada yake. Kungwi hakuwa mpita njia. Alijulikana mtaani, na mtoto akiharibikiwa, kungwi pia aliulizwa.

Chuoni nako kulikuwa na sehemu yake. Nani kati yetu hakupitia Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi kilichotungwa na Sheikh Salim bin Sumeyr wa Hadhramaut, aliyefariki Batavia, mji uitwao leo Jakarta, katika karne ya 19? Kifungue kitabu hicho. Baada ya nguzo za Uislamu, nguzo za imani na maana ya shahada, jambo linalofuata ni alama za baleghe. Sala bado haijafika. Kwanza mtoto aambiwa ni kwa alama zipi atajua kwamba amekuwa mtu mzima mbele ya Mola wake: kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, au kuota kwa mvulana na msichana, au hedhi kwa msichana, mambo hayo mawili ya mwisho yakiweza kuanza tangu miaka tisa. Mbele kidogo zimo habari za janaba, hedhi na nifasi pamoja na siku zake.

Basi wanavyuoni wetu waliona kwamba mtoto hawezi kusimama katika sala kabla hajaujua mwili wake. Hawakuona kwamba kumwambia ni kumharibu. Lakini niulize jambo moja. Wangapi katika sisi tulisomeshwa mlango huo ukafasiriwa tukafahamu, na wangapi tuliukariri kwa Kiarabu kama kasuku, maalim akaupita mbio kwa sababu wasichana walikuwa wamekaa upande wa pili wa jamvi?

Naye Mwana Kupona, mama wa huko Siyu na Pate, mnamo mwaka 1858 alikuwa mgonjwa akijiona yu karibu na safari yake ya mwisho. Alimtungia bintiye utendi wa wasia, akamwambia ya dini, ya watu na ya kukaa na mume. Aliona si haki kumwacha binti pasi na mwongozo. Utendi huo tunausifu na kuusomesha hadi leo, lakini mfano wake hatuufuati.

TUSISIFU YOTE

Hata hivyo sipendi tuyapambe ya kale kama kwamba yalikuwa asali tupu. Wazee wa kike niliozungumza nao hawayasifu yote.

Bibi mmoja wa Kuze aliniambia hivi: "Mwanangu, sisi tulifunzwa kumpendeza mume. Tulifunzwa usafi, na kunyamaza. Lakini kama mume ana maradhi akuletee nyumbani, hilo hatukufunzwa. Kama uchungu wa kuzaa umepita siku mbili ufanye nini, hilo hatukufunzwa. Walikufa wengi."

Tena ngoma za unyago zenyewe zina historia yake. Mwanahistoria Margaret Strobel wa Marekani alikaa na wanawake wa Mombasa katika miaka ya 1970, na kitabu chake juu yao kikatoka mwaka 1979. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya ngoma hizo zililetwa mjini na wanawake waliotoka bara wakiwa watumwa, kisha wanawake wa kiungwana nao wakazipokea kidogo kidogo. Masheikh wengi walizipinga kwa nyimbo zake na michezo yake. Simwombi mtu yeyote azirudishe ngoma hizo. Ninachokililia mimi ni ile kazi iliyokuwa ndani ya ngoma. Ngoma ilipoachwa, kazi nayo iliachwa, wala haikukabidhiwa mwingine.

MIAKA KUMI ISIYO NA MWALIMU

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Zamani, baina ya kuvunja ungo na kuolewa palikuwa na muda mfupi, pengine mwaka mmoja au miwili. Mwari alitiwa ndani, akafunzwa, akaozwa. Mafunzo ya somo yalitosha kumvusha kivuko hicho kifupi, kwani ng'ambo ya pili alikuwako mume, na mama mkwe, na wifi.

Kisha skuli zikaja, na zilikuja kwa heri. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, aliwahimiza Waislamu wawasomeshe binti zao. Mwaka 1938 skuli ya wasichana wa Kiarabu ikafunguliwa hapa Mombasa. Leo binti zetu ni madaktari, mawakili na walimu. Nani atakayesema tuurudishe wakati nyuma?

Lakini skuli ilikirefusha kile kivuko. Msichana wa leo huvunja ungo akiwa na miaka 12 au 13, na huenda asiolewe mpaka miaka 22, 25 au zaidi. Mvulana naye hubaleghe akiwa na miaka 14, akaoa atakapopata kazi na mahari, na kazi yenyewe twaijua ilivyo adimu. Hiyo ni miaka 10 au zaidi. Kwa miaka hiyo yote mwili umekwisha kuwa wa mtu mzima, na nyumba bado humwita mtoto. Somo hayupo. Mama aona haya. Maalim hushughulika na hifdhi. Mwalimu wa skuli hufundisha viungo vya uzazi ubaoni kwa ajili ya mtihani, akafuta ubao akatoka.

Lakini kijana hakai miaka 10 bila ya kufundishwa. Nilipomuuliza yule bibi wa Kuze ni nani somo wa wajukuu zake, hakufikiri sana. "Muulize hiyo simu anayolala nayo," akasema.

MATUNDA YAKE

Matunda ya kimya hiki hayahitaji darubini. Uchunguzi wa serikali wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Hao si wa Pwani peke yake, wala si Waislamu peke yao, lakini asidhani mtu kwamba yeye yu kando. Sote tumeshuhudia mitaani mwetu harusi za haraka haraka, binti wa darasa la saba anayepelekwa kwa shangazi yake mashamba, na kijana wa bodaboda anayebadilisha njia.

Mimba ya utotoni si aibu tu. Ni hatari. Nyonga ya msichana mdogo huwa haijapanuka sawasawa, na uchungu ukikwama asiwahi kupasuliwa, mtoto hufa na mama hupasuka njia, akabaki anavuja mkojo bila ya kujua. Huo ndio ugonjwa wa fistula, nao hutibika kwa operesheni. Kifafa cha mimba nacho huwapata sana wazazi wa mara ya kwanza walio wadogo. Kuhusu masomo, serikali iliruhusu tangu mwaka 1994 msichana aliyezaa arudi skuli, lakini wazazi wangapi wanajua, na wangapi wanamrudisha?

Na tusiwasahau wavulana. Huku kumsema msichana peke yake ni dhulma ya pili. Mvulana wa Pwani hutahiriwa mdogo, hospitalini au nyumbani, akapewa shati jipya na soda, na huo ndio mwisho wa jando lake. Akiota usiku hushtuka, akadhani amepata maradhi au ametenda dhambi. Josho la janaba wengine hujifunza kwa wenzao, nusu sahihi nusu kombo. Wakikaa maskani huambiana kwamba uanaume ni idadi ya wasichana. Nani aliyemkalisha akamwambia kwamba kisonono na kaswende hutibiwa zahanati na si kwa dawa ya kichochoro? Nani aliyemwambia kwamba chini ya sheria ya makosa ya kijinsia ya mwaka 2006, kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la kifungo kirefu, hata akisema kwamba msichana alikubali? Wengi huisikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa kizimbani.

HOFU YA WAZEE

Wako wanaoogopa, na hofu yao si ya kudharauliwa. Katika miaka ya 1990 viongozi wa Kikatoliki na wa Kiislamu walisimama pamoja katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakachoma moto kondomu na vitabu walivyoona vinawapotosha vijana. Hoja yao ilikuwa kwamba vitabu vile vinamfundisha kijana namna ya kuzini kwa salama, badala ya kumfundisha kujizuia. Mzazi Mwislamu anayeuliza, "Ni nani aliyekiandika kitabu hiki, na ataka mwanangu awe nani?" anauliza swali la haki kabisa.

Lakini moto ulipozimika na majivu yakapeperuka, swali jingine lilibaki pale pale: je, huyu mtoto atafundishwa na nani? Kukichoma kitabu cha mwenzio si sawa na kuandika chako.

Na dini yetu haikuufanya ujinga kuwa stara. Masahaba walimuuliza Mtume (s.a.w.) habari za hedhi, na jibu lake likashuka ndani ya Kurani, katika Suratul Baqara. Suratun Nur yawafunza watoto waliokaribia baleghe nyakati tatu za kubisha hodi kabla ya kuingia kwa wazee wao, na wakisha kubaleghe wabishe kila wakati. Ummu Sulaym alikwenda kwa Mtume mwenyewe kumuuliza juu ya mwanamke anayeota, naye akamjibu. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Wanawake hao walikuwa na haya kuliko sisi, lakini waliuliza.

Hasara ya kimya ni kwamba uvumi huchukua nafasi yake. Mwaka 2019 serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 kuwakinga na virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, maradhi yanayowaua akina mama wengi katika nchi hii. Mara moja pakazuka maneno kwamba chanjo hiyo inafunga uzazi. Si kweli. Lakini mama ambaye hajawahi kuelezwa mlango wa kizazi ni kitu gani na uko wapi, ataupimaje uvumi huo?

MAHALI PA KUFUNDISHIA

Wengine watauliza: basi tujenge vituo vipya vya ilimu hii? La. Msichana hatakwenda kwenye nyumba iliyoandikwa mlangoni "Afya ya Uzazi", kwa sababu mtaa mzima utamwona akiingia. Ilimu hii yafaa itiwe mahali ambapo vijana wamekwisha kukusanyika kwa shughuli nyingine, kama chumvi ndani ya mchuzi.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa humu nchini. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kilianza mwaka 1994 kuwafunza wachezaji wake wa kandanda habari za Ukimwi, nao wakawafundisha wenzao. Mwaka 1999, katika wilaya za Vihiga na Busia, mafunzo ya afya ya vijana yalianza kutiwa ndani ya kazi za kawaida za wizara za elimu, afya na ustawi wa jamii, badala ya kuundiwa ofisi yake peke yake. Na hapa kwetu Pwani, mjini Kilifi, tangu mwaka 2001 kuna chama cha Moving the Goalposts kinachowakusanya wasichana kwa mpira wa miguu. Pamoja na mpira hufundishwa afya ya uzazi, haki zao na uongozi, na viongozi wa timu ni wasichana wenyewe. Huenda mzazi mwingine asipende binti yake acheze mpira uwanjani. Si lazima uwe mpira. Kwetu kuna ushoni, upishi, hina, kompyuta, madrasa ya jioni, kaswida na maulidi. Wavulana wana timu zao, mafunzo ya useremala na umekanika, na vikundi vya uvuvi. Kila penye kundi la vijana pana nafasi ya nusu saa.

Ili jambo hili lifae na likubalike kwetu, kwa maoni yangu yafaa yatimizwe mambo haya.

Kwanza, wazazi waitwe kabla ya watoto. Waonyeshwe kitakachosomeshwa, ukurasa kwa ukurasa, na waulize. Kinachofichwa mzazi ndicho kinachovunja mradi.

Pili, wasichana wafundishwe na wanawake, na wavulana na wanaume, kila kundi peke yake, ili haya isiwafunge midomo. Umri nao utazamwe. Wa miaka 10 aambiwe yanayomhusu wa miaka 10, na mchumba anayengoja harusi aambiwe yake.

Tatu, waalimu wawe watu watatu pamoja. Wa kwanza ni mtu mzima wa mtaa anayeaminiwa, ashike nafasi ya somo. Wa pili ni muuguzi au mkunga wa zahanati, aje mara moja kwa mwezi, alete ilimu ya mwili na maradhi. Wa tatu ni ustadhi au ustadhati, aeleze hukumu za baleghe, tohara, ndoa na mipaka yake. Mmoja asiseme bila ya mwingine. Muuguzi peke yake ataacha nusu, na ustadhi peke yake ataacha nusu.

Nne, maneno yawe yetu. Lugha yetu si maskini. Kuvunja ungo, hedhi, sodo, josho, chango, nifasi, kizazi, uzazi wa mpango: yote yamo, nayo yana heshima. Mtoto akifundishwa kwa maneno ya kigeni hudhani jambo lenyewe ni la kigeni, na akifundishwa kwa maneno ya mtaani hudhani ni uchafu.

Tano, mafunzo yafuatane na msaada. Ukimwambia msichana abadilishe sodo mara kwa mara na hapo darasani hapana maji wala choo chenye mlango, umemtania. Ukimwambia mvulana aende zahanati akapimwe, na huko akifika apigiwe kelele mbele za watu, hatakwenda tena.

Jambo la mwisho ni kuwafunza vijana hasa kusema. Wafunzwe kukataa anapotokea mtu mzima anayewashika pasipostahili, awe jirani, jamaa au mtu wa heshima, na waambiwe ni nani wa kumwendea. Watoto wengi walioharibiwa walinyamaza kwa sababu hata jina la kilichowafika hawakuwa nalo.

ALHAMISI JIONI

Yule binti wa cherehani alipelekwa hospitali. Alipimwa, akaonekana damu yake imepungua sana, akatibiwa na kupewa vidonge vya madini ya chuma. Baada ya wiki kadhaa alirudi kwenye cherehani yake. Mwalimu wake aliniambia kwamba lililomuuma yeye zaidi ni lile karipio. "Nilimwita mvivu," alisema, "naye alikuwa anakufa mbele yangu."

Kwa hiyo akafanya jambo dogo. Alimwendea mama mtu mzima wa mtaa huo, mkunga mstaafu, mtu wa swala tano na mwenye maneno matamu, akamwomba aje kila Alhamisi jioni baada ya Alasiri. Wazazi waliitwa kwanza. Wawili walikataa, wengine wakakubali. Sasa kila Alhamisi vyerehani husimama, mlango hufungwa, birika la chai ya tangawizi huletwa, na wasichana hukaa kwenye jamvi kumzunguka. Mwanzo hawakuuliza kitu. Juma la tatu mmoja aliuliza. Juma la nne, aliniambia, hawakutaka kuondoka mpaka adhana ya Magharibi.

Na wale wazazi wawili waliokataa? Mmoja alikuja mwenyewe siku moja, akakaa nyuma karibu na mlango, akasikiliza hadi mwisho. Alipoinuka alimshika mkono yule mkunga akamwambia, "Bibi, mimi nimezaa watoto watano, na haya nayasikia leo." Alhamisi iliyofuata alimleta bintiye.

Hakuna aliyeandika habari zao katika ripoti yoyote, wala hawana kibao mlangoni. Lakini mtaa ule umempata somo wake. Je, mtaa wako?